Miezi saba chini ya mwamba: jimu ya vyuma vizito Nyakato, kwa mwanamke anayeanza

Kocha kaniomba nisiitaje jimu yake kwa jina, na sababu yake si unyenyekevu. Ana stendi moja tu ya skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama na chuma mabegani. Stendi moja, watu arobaini na ushee wanaolipa kwa mwezi, na ikifika saa 12 jioni foleni inakuwa kama ya daladala za Igoma mvua ikinyesha. "Ukiandika jina, Mama Kulwa, utaniletea Mwanza nzima. Nitawaweka wapi?" Basi nitaelekeza nusu nusu. Ni Nyakato, upande wa mlimani, banda refu la bati ambalo ukuta wake wa nyuma si ukuta, ni mwamba wenyewe. Si mnawajua mafundi wetu wa jiji hili, wanajenga mpaka walipokutana na jiwe, halafu jiwe linageuka sehemu ya nyumba. Bango hakuna. Ukisikia chuma kimetua chini na sauti ya mtu inasema "tena!", umefika.

Mimi nina duka la steshenari Buzuruga: fotokopi, madaftari, kuprinti barua za watoto wa chuo dakika tano kabla ya muda kuisha. Umri miaka 36. Nina mapacha wa miaka mitano, ndiyo maana wateja wananiita Mama Kulwa na upande wa mawifi wananiita Mama Doto, kila mtu na upendeleo wake. Sikuingia jimu kutafuta shepu. Niliingia kwa sababu ya boksi la karatasi. Boksi moja la A4 lina rimu tano, kila rimu ni kama kilo 2.5, jumla kilo 12.5. Mwaka jana nilibeba maboksi mawili kwa pamoja kutoka kwenye bajaji, nikageuka kumjibu mteja, na mgongo ukaniambia basi. Siku nne kitandani. Mtaalamu wa viungo aliyenipima alinibinya binya, akanikunja, akanikunjua, akasema mfupa hauna shida, ila nyama zinazoushika huo mgongo zimelala. Nizipe kazi.

Nikaenda kwanza jimu nyingine, ya mjini. Hiyo nayo siitaji. Viyoyozi, vioo kila upande, dada wa mapokezi ananukia vizuri kuliko mimi siku ya harusi yangu. Shilingi 120,000 kwa mwezi, nikalipa miwili kwa mpigo kwa sababu kulikuwa na punguzo. Nikapangiwa mashine ya kukimbilia, halafu dambeli za rangi ya pinki za kilo 2. Wiki ya tatu nikauliza vile vyuma virefu vya kule kwenye kona vinaanza lini. Nikajibiwa kwa upole mkubwa kwamba kule ni kwa kaka, kina dada tunafanya "toni". Na kama nataka matokeo ya haraka, kuna kopo la unga wa protini hapo kaunta, 180,000.

Doto ana kilo 18. Huwa nambeba mkono mmoja, mkono mwingine nimeshika ndoo ya nguo, nimebana simu kwa bega naongea na mteja. Halafu mtu ananipa dambeli ya kilo 2 ananiambia taratibu dada usijiumize. Mwezi wa pili sikuumaliza.

Chini ya mwamba nilipelekwa na mteja wangu, binti wa chuo aliyekuwa akija kuprinti na viganja vyenye sugu kama vya mvuvi. Siku ya kwanza Kocha hakunipima kiuno wala hakuniuliza nataka kupungua kilo ngapi. Aliuliza: "Kwa siku unabeba nini?" Nikamweleza maboksi, watoto, ndoo. Akanionyesha chuma kirefu kitupu, hakina sahani hata moja, zile duara za chuma za kuongezea uzito. "Hicho kilo 20. Ni ndoo ya maji."

Niseme ukweli, sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nilipe. Nimekulia Mabatini juu, kule ambako maji yalikuwa yanatoka bondeni na nyumba iko kwenye mawe. Ndoo ya lita 20 kichwani, unapanda, hushiki popote, na chini ya ngazi kuna mtu anakukumbusha bado unadaiwa ndoo ya pili. Nimepanda hivyo tangu darasa la tano. Hakuna aliyewahi kuniambia huo mzigo utaniharibia umbo la kike. Sasa leo mzigo uleule, wenye mshiko mzuri na sakafu iliyonyooka, ndio uwe wa wanaume?

Wiki mbili za kwanza hakuniongezea kitu. Skwati kwenye kiti kwanza: nikae, nisimame, nikae, magoti yaelekee zilipo ncha za vidole, visigino visinyanyuke. Kisha kiti kinaondolewa. Kisha chuma kinakaa mabegani, si shingoni. Ukikiweka shingoni unakisikia kwenye mfupa na unajua mwenyewe umekosea. Kilichonichukua muda mrefu ni pumzi. Unavuta hewa mpaka tumboni, unakaza tumbo kama mtu anataka kukupiga ngumi, ndipo unashuka. Dedilifti, kunyanyua chuma kutoka sakafuni mpaka usimame wima, ilinijia haraka zaidi, maana kumbe ni namna ya kuokota boksi ambayo nilipaswa kuijua miaka kumi iliyopita: mzigo uwe karibu na mguu, nyonga irudi nyuma, mgongo usikunjwe, usukume sakafu badala ya kuvuta kwa kiuno.

Baada ya hapo ikaja ratiba, nayo ni rahisi kiasi kwamba nilidhani ananificha nyingine. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kila siku skwati. Benchi (kulala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani) na kusukuma juu ya kichwa zinapokezana. Dedilifti mara moja au mbili kwa wiki. Mara 5 kwa raundi 3. Ukizimaliza zote bila kuharibu umbo la zoezi, safari ijayo unaongeza kilo 2.5. Basi. Kati ya raundi na raundi unapumzika dakika 3, na ukifika kwenye mizigo yako mikubwa hata 5. Hapa kina mama tunakosea sana, tumezoea mazoezi ya kuruka ruka ambayo ukipumzika unaonekana mvivu. Kocha ana saa ya ukutani na anakukatalia kabisa kugusa chuma kabla ya muda. Mwanzoni nilikuwa najisikia mjinga kukaa tu. Sasa hivi dakika hizo ndizo tunazopangia vikoba.

Na sharti lake lingine lilinifurahisha kibiashara: asiye na daftari habebi. Kila unachonyanyua kinaandikwa, tarehe, kilo, mara ngapi. Nimeuza kaunta buku kumi na nne kwa wanachama, kwaya 2, na mbili nimekopesha. Mmoja bado ananidai subira.

Namba zilipanda kwa kasi iliyonitisha. Mwezi wa kwanza ulipoisha nilikuwa nachuchumaa na kilo 40, na kwenye kioo hakuna kilichobadilika, mkono uleule, paja lilelile. Kocha akaeleza kwamba wiki za mwanzo nyama haijakua bado, ni mishipa ya fahamu inajifunza kuziamsha nyama ulizonazo zifanye kazi kwa pamoja. Nguvu inatangulia, umbo linafuata baadaye. Maumivu nayo yana tabia yake: siku yenyewe huyasikii, kesho yake unayasikia, keshokutwa ndiyo unashuka ngazi kinyumenyume. Wiki ya tatu yakapungua, hayajarudi kwa ukali ule.

Sasa niwaambie kisa cha sahani, maana hapa ndipo nilipoijua jimu hii ni ya namna gani.

Mwezi wa pili nilianza kuhisi chuma kinanivuta kushoto. Kila nikisimama kutoka chini, bega la kushoto linazama. Kocha akaangalia nyonga, akaangalia unyayo, akaniambia pengine nilizoea kubeba watoto upande mmoja. Nikaamini, mama yeyote wa mapacha ana upande. Siku moja nikazungusha sahani, ya kushoto nikaiweka kulia. Bega la kulia likazama.

Sahani hizo ni za kuyeyushwa na fundi, si za kiwandani. Zimepakwa rangi nyeusi, zimeandikwa 10 kwa mkono. Nikazichukua nne, Kocha akiniangalia kwa jicho la shaka, nikazipakia kwenye bajaji mpaka Mwaloni, Kirumba, ambako mama mdogo anauza dagaa kwa jumla. Mwenye bajaji aliniuliza mara mbili kama ni chuma chakavu na kama nina risiti. Mama mdogo akaziweka kwenye mizani yake, moja baada ya nyingine, katikati ya magunia, watu wamekusanyika. Ya kwanza kilo 9.1. Ya pili 10.6. Ya tatu 10 kamili. Ya nne 11.2. Yaani kwa wiki kadhaa nilikuwa nabeba ya kwanza kulia na ya nne kushoto, tofauti ya kilo 2 na zaidi, halafu ninalaumu mapacha. Mama mdogo akacheka mpaka akashika meza. "Na mnasema wauza dagaa ndio tunapunja!"

Nilirudi nazo nikitegemea ugomvi. Kocha alinuna siku hiyo nzima, kweli alinuna, hakuniambia hata "tena". Kesho yake asubuhi nikamkuta na kopo la rangi nyeupe. Alikuwa amezipeleka sahani zote zilizobaki kwenye mizani ya muuza chuma chakavu jirani, na anaandika kila moja uzito wake halisi: 9.1, 4.8, 20.7. Sasa kila mtu anapanga jozi zinazokaribiana, na daftari langu lina desimali kama la mhasibu. Chuma kirefu chenyewe hakikuingia kwenye bajaji, kwa hiyo kilo 20 zake tunaendelea kuzikubali kwa imani. Kwa mtu anayetafuta jimu, hili kwangu lina thamani kuliko kiyoyozi. Kule mjini nilipouliza kwa nini mkanda wa mashine unakwama, niliambiwa nivae raba nzuri.

Kasoro zipo, na si ndogo.

Chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake ni pembe iliyozibwa kwa turubai, na turubai lina tundu. Nimelalamika, limeshonwa, limechanika tena. Mimi nabadilishia dukani, navaa dera juu ya taiti na fulana, nikifika navua dera tu. Wanaokuja na hijabu wawili watatu nao wanafika wameshavaa. Choo ni kimoja kwa wote na maji ni ya pipa. Mvua kubwa ikinyesha, mwamba unatoa jasho: maji yanateremka kwenye jiwe na kutengeneza kijito kinachopita palepale tunapofanyia dedilifti, tunasogea kama kuku. Saa za mchana bati linawaka. Alfajiri, lakini, lile jiwe lina ubaridi wa usiku, ukiliegemeza mgongo baada ya raundi ya mwisho utasahau turubai.

Kasoro inayomgusa zaidi mwanamke anayeanza ni vipimo. Chuma rasmi cha mashindano ya wanawake ni kilo 15, chembamba cha milimita 25, wakati cha wanaume ni kilo 20 na milimita 28. Milimita tatu utasema si kitu, ila kama kiganja chako ni kidogo kama changu, kwenye dedilifti vidole vinafunguka kabla mgongo haujachoka. Hapa chuma cha wanawake hakipo. Kwa wasioweza kilo 20 kuna bomba la chuma la kama kilo 8, linafanya kazi, halipendezi. Na sahani ndogo kuliko zote ilikuwa ya kilo 2.5, maana yake ukiweka pande zote mbili umeongeza 5. Kwenye skwati utavumilia. Kwenye benchi, mwanamke anayebeba kilo 25 kuambiwa safari ijayo 30, huo ni ukuta. Nilikwama hapo wiki tatu mpaka nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akanikatia vipande viwili vya duara, 1.25 kila kimoja. Nilivipima kabla ya kulipa, somo la Mwaloni halijanitoka. Kocha amevichukua mfano, sasa vipo jozi tatu. Vyangu vimeandikwa MK na vinalala kwenye pochi yangu.

Sahani za fundi ni ndogo kwa upana pia. Za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, ndiyo sababu chuma kikiwa chini kinakuwa usawa wa katikati ya ugoko. Hizi zetu zinakiacha chini mno, na ukikifuata huko mgongo unajikunja hata ukiwa na nia njema. Kocha anaweka vipande vya tairi chini ya sahani kila upande ili kukinyanyua. Ukifika siku ya kwanza usione aibu kuviomba, viko nyuma ya spika.

Na spika ni kubwa mno. Nimeshasema.

Wanaume wa humo kwa jumla ni watu wazima kwa akili, isipokuwa mmoja ambaye hawezi kumwona mwanamke ameinama bila kuja kumfundisha. "Dada ngoja nikupunguzie." Alinipunguzia sahani siku moja nikiwa nimegeuka kunywa maji. Kocha akamfanya aandike kwenye daftari langu, kwa mkono wake, kwamba raundi ya pili imeharibika kwa sababu yake. Ukutani pia pameandikwa: hakuna kumpiga mtu picha bila ruhusa yake. Linafuatwa. Kule kwenye vioo nilijikuta kwenye video ya mtu nisiyemjua nikiwa nimefungua mdomo.

Humo kuna mzee mmoja aliyewahi kuwa kuli bandarini, anakuja kwa katambuga, zile ndala za matairi, na anafanya dedilifti nazo. Nilimcheka kimoyomoyo wiki nzima, mpaka Kocha aliponitazama miguuni: raba zangu za kukimbilia zina soli laini yenye hewa, kila nikisimama na mzigo zinabonyea kama godoro. Katambuga haibonyei. Nikaenda Mlango Mmoja kwenye mitumba nikapata viatu vya turubai vya soli nyembamba bapa kwa 12,000. Shikamoo yangu kwa mzee yule siku hizi ina heshima ya ziada. Kuhusu chaki nilijifanya mjanja, nikasaga chaki za darasani kutoka dukani. Mikono ilikuwa myeupe na chuma kiliteleza vilevile. Chaki ya wanyanyua vyuma ni magnesi kaboneti, inayokausha jasho. Ya ubaoni ni kitu kingine kabisa, inakupaka vumbi tu. Ninayo ndoo nzima ya vumbi la chaki kama kuna mwalimu anaihitaji.

Kuna mambo mawili kila mwanamke ataambiwa, na nitayajibu kama nilivyojibu nyumbani.

La kwanza ni jike dume. Mume wa shoga yangu alinitazama akauliza lini naota ndevu. Nyama za kujaa kama za wanaume zinategemea sana homoni ya testosteroni, ambayo wao wanayo mara nyingi kuliko sisi, na hata wao wanahangaika miaka. Baada ya miezi saba mizani inaniambia nimetoka kilo 71 kwenda 72, na sketi zangu mbili za kazini zimebidi zipunguzwe kiunoni. Nyama uzembe ya mkono imeondoka. Ndevu hazijaja. Kama mtu anataka kuona mwanamke mwenye nguvu anafananaje, amtafute Sara Ahmed wa Misri: shaba Rio 2016 na fedha Paris 2024, jukwaani amevaa hijabu yake. Wanawake walianza kunyanyua vyuma kwenye Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Nilikuwa shule ya msingi, na hakuna aliyetuambia.

La pili ni kizazi. Mama yangu alinipigia simu kutoka kijijini, Magu, sauti ya msiba. "Ng'wanone (mwanangu), nasikia unabeba vyuma. Utashusha kizazi." Nikamuuliza alipokuwa na mimba yangu alikuwa anabeba nini. Akanyamaza kidogo, akasema kuni. Akabadilisha mazungumzo.

Lakini sitaki kulipitia hili kama utani, kwa sababu kuna kitu cha kweli karibu yake na hatuambiani. Mwezi wa tatu, nikiwa na kilo 60 za dedilifti, nilivujisha mkojo. Kidogo, ila nilijua, na nilitaka ardhi inimeze. Nikakaa wiki bila kwenda. Niliporudi kwa yule mtaalamu wa viungo akanieleza kwamba ni jambo la kawaida kwa waliozaa, hasa mapacha, misuli ya sakafu ya nyonga inakuwa imelegea, na dawa yake ni kuipa mazoezi, si kuacha kila kitu. Unaibana kama unazuia mkojo, sekunde chache, unaachia, mara kumi, mara tatu kwa siku. Naifanya nikisubiri fotokopi. Na nitoe pumzi wakati napanda na mzigo badala ya kuikandamiza chini, nishushe kilo kwa muda kisha nipande tena. Nilishuka mpaka 45, nikapanda upya. Halijarudi. Lingeendelea, au ningehisi uzito unashuka huko chini, ningekwenda kuonwa tena na si kuuliza jimu. Aliyejifungua juzi naye aanzie hospitali, asianzie kwa Kocha. Kocha ni mwanaume, ana aibu zake. Nilipomwambia kwa kifupi alikohoa, akaandika kitu kwenye daftari lake, na tangu siku hiyo kila mama mpya anaulizwa kama kuna jambo ambalo angependa kuzungumza na Mama Kulwa. Nimekuwa idara.

Chakula hakuna la ajabu, ila kiasi ndicho kilichonishangaza. Kocha anasema karibu gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, kwangu ni kama 114 kwa siku. Nilipohesabu nilikuwa sifiki hata nusu: chai na chapati asubuhi, wali na mchicha mchana, ugali usiku na kipande cha sato ambacho kiuno chake anapewa baba. Kopo la 180,000 sikununua. Mama mdogo ananiwekea dagaa waliokaushwa vizuri, wasio na mchanga, na dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Mayai mawili asubuhi, maziwa mgando, maharage, na sato siku hizi tunagawana sawa. Michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, naibeba kwenye pochi kwa ajili ya nguvu, nakula moja moja kati ya raundi, wenzangu wa mjini wanakula vitu vya kwenye karatasi ya kung'aa.

Bei: 35,000 kwa mwezi, 2,500 kwa siku, kiingilio hakuna. Mafunzo ya wiki mbili za mwanzo yamo humohumo. Kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 3 usiku, Jumapili mchana kumefungwa. Umeme ukikatika vyuma havijali, spika tu ndiyo inazima, na hapo ndipo pazuri zaidi.

Stendi ya skwati haikuwa na vizuizi vya pembeni nilipoanza, sasa inavyo, mabomba mawili ya kuchomelewa ambayo ukishindwa unashuka na kuuacha mzigo hapo. Nimeshindwa mara nne, sijapata mkwaruzo. Benchi bado haina. Usilale kwenye benchi peke yako, ita mtu akusimamie, na kama hakuna mtu usifunge sahani kwa vibano, ili ukizidiwa uinamishe chuma upande mmoja zianguke. Kelele yake ni kubwa na utaona aibu. Ni bora kuliko kulaliwa shingoni.

Kwa sasa niko skwati 62.5, dedilifti 90, benchi 37.5, kwa sahani zilizopimwa. Juzi lori la karatasi lilikuja, kijana wa kushusha akachelewa, nikaingiza maboksi 22 mwenyewe, mawili mawili, na nikageuka kumjibu mteja katikati ya safari.

Mkija, njooni jioni. Alfajiri Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ile stendi ni yangu mpaka saa 1.